Reli Chini ya Kwato za Karani

Mwezi mzima kabla ya Idd Kubwa, Tarcis aliota ndoto moja ile ile. Aliona vigari vya chumvi vikiteremka vyenyewe kwenye reli, bila mtu wa kuvisukuma wala punda wa kuvivuta. Vilipita ghala, vikapita mchanga, vikaingia majini polepole, na reli haikuisha. Iliendelea chini ya bahari, nyeupe, na mbele kabisa alikuwa punda wake Karani, akitembea bila haraka kama ilivyo desturi yake. Kisha Tarcis huamka, husikia majogoo wa jirani, na hukumbuka kwamba reli imeshang'olewa.

Iling'olewa kwa maneno yake mwenyewe, na hilo ndilo alilokuwa akiamka nalo.

Lakini tuanze na punda, maana punda hana kosa. Jina la Karani alipewa na wafanyakazi wa kiwanda cha chumvi, kwa sababu kila asubuhi alikwenda kazini kwa mwendo wa mtu aliyeajiriwa kwa barua, asiye na sababu ya kukimbia. Miaka tisa yeye na Tarcis walivuta chumvi kutoka mabwawani hadi ghala la ufukweni, na kutoka ghalani hadi kwenye nguzo ya mkoko pale reli ilipoishia mchangani. Ilikuwa reli nyembamba, pau mbili za chuma zilizotandazwa zamani na watu ambao hakuna tena aliyewajua. Kiwanda kilipofungwa, vigari viliuzwa, wafanyakazi wakatawanyika, na reli ikabaki kwa kuwa hakuna aliyejua ni mali ya nani. Tarcis alipewa punda awe mkono wa kwaheri. Akamshika kamba wakaenda nyumbani, na mkewe Gertruda akauliza kama hawakuwa na kitu kidogo zaidi cha kumpa mtu.

Sasa, siku ya pili ya Idd Kubwa, asubuhi maji yakiwa yamekupwa, watu wa pale hushindanisha punda ufukweni, mtaa wa juu na mtaa wa chini. Punda wa mashindano ni kijana, ameshibishwa pumba mwezi mzima na hajui kazi. Akiona umati, akisikia ngoma, akitazama maji yanavyometameta, akili inamruka. Atapiga teke, atamtupa mpandaji, atakimbilia mnada wa samaki. Ndiyo maana lazima awepo punda wa kusindikiza: mzee, mtulivu, anayetembea ubavuni mwa kila kijana kutoka ghalani hadi kwenye nguzo, anamwacha hapo ametulia, anarudi kumchukua mwingine. Msindikizaji hashindani, na mbio hazianzi mpaka awe amemfikisha wa mwisho.

Kuna sharti moja. Mwenye punda wa kusindikiza asiwe na punda wake mbioni, wala asiwe na undugu na mpandaji yeyote, wa damu au wa kuoana, ili kesho yake asije mtu akasema punda wake alitishwa makusudi. Hebu mtafute mtu wa namna hiyo katika mji ambao kila mtu ni shemeji wa kila mtu. Walitafuta, wakachoka, hadi Mikdad, mshona kanzu na mwenyekiti wa mashindano, alipokumbuka kwamba kuna Mkristo mmoja kutoka Ubena, yule wa chumvi, ambaye hajaoza wala kuoa kwa mtu pale mjini. Tangu hapo ilikuwa miaka minane. Siku nyingine zote Tarcis alikuwa mtu wa kuja, wa kusalimiwa vizuri na kusahauliwa vizuri. Asubuhi hiyo moja mitaa yote miwili ilimwita kwa jina, na wanawake walimletea Karani pumba kwenye sinia. Alikuwa ameipenda asubuhi hiyo kuliko alivyothubutu kumwambia mtu yeyote.

Mwaka juzi macho ya Karani yalianza kuingia ukungu. Kwanza la kushoto, halafu la kulia, hadi yakawa meupe kama maji ya mchele. Tarcis aliona, akanyamaza. Alijiambia kwamba mbona punda mwenyewe halalamiki. Na kweli, Karani alitembea vilevile, kwa kuwa ukwato wake wa mbele wa kulia ulikuwa ukiutafuta upau wa reli na kuugonga kidogo kila baada ya hatua mbili tatu, ting, na kwa ting hiyo alijua yuko wapi. Watu waliipenda sauti ile. Wapandaji walisema ndiyo inayowapoza punda wao. Hakuna aliyejiuliza kwa nini miaka ya nyuma haikuwapo.

Halafu ikaja Idd ya mwaka jana. Katikati ya njia palikuwa na mahali ambapo mwizi wa vyuma chakavu alikata kipande cha reli akaondoka nacho. Karani alitafuta chuma kwa ukwato, hakukipata, akayumba kushoto. Kushoto kwake alikuwa Khamis wa mtaa wa chini, kijana muuza barafu, amempanda punda jike aliyeazimwa kwa mjomba wake huko Mkange. Karani alimkumba yule jike kwa ubavu, mguu wake mwenyewe ukazama kati ya reli na taruma, lile gogo la chini yake, wakaanguka wote wawili. Jike aliinuka akajikung'uta. Khamis aliinuka bega la kushoto likiwa limeshuka, na mpaka leo halijarudi mahali pake.

Alasiri ile baraza la mashindano lilikaa. Mtaa wa juu walisema Khamis alivuta kamba kwa papara. Mtaa wa chini walisema ni reli mbovu. Khamis mwenyewe, uso umekunjamana kwa maumivu, alisema tu kwamba alisukumwa. Walibishana mpaka Mikdad akawanyamazisha, akamgeukia Tarcis, akasema mzee huyu hana upande, atakalosema ndilo tutakaloshika.

Tarcis alimtazama Karani aliyefungwa pale mlangoni, kichwa chini, akingoja kurudi nyumbani. Akasema kijana alivuta kamba, na reli nayo ni mbovu, mguu wowote ungezama.

Ilikuwa hukumu nzuri sana, maana kila mtaa ulipata nusu ya ulichotaka. Khamis akafungiwa miaka miwili asipande. Baraza likaandika barua kwa serikali ya mtaa kuomba reli iondolewe kabla haijavunja mwingine, barua ikalala, ikaamshwa, na mwezi mmoja kabla ya Idd ya mwaka huu vijana wakaja na mitaimbo wakang'oa vyuma vyote na kuvirundika nyuma ya ghala. Kumbe mtu asiye na upande alikuwa nao, na upande wenyewe una masikio marefu.

Kilichomuumiza zaidi Tarcis ni adabu ya Khamis. Kijana alikutana naye njiani na deli lake la barafu kwenye bega zima, akasimama, akasema shikamoo mzee, na Tarcis ikambidi aitikie marahaba. Mwaka mzima namna hiyo. Angetukanwa angelala vizuri zaidi.

Reli ilipoondoka, alimpeleka Karani ufukweni alfajiri moja kabla watu hawajaamka. Ulikuwepo ukungu mwepesi, na mahali palipokuwa na mataruma mchanga ulikuwa na mistari kama ya ubao wa kufulia. Karani alifika kwenye kizingiti cha ghala, akanyosha ukwato wa kulia, akagusa mchanga. Akaurudisha. Akaunyosha tena mbali zaidi, akapapasa huku na huku, akagusa mchanga. Kisha akasimama. Kumvuta hakukusaidia, wala kumbembeleza. Alisimama masikio yameelekea baharini, kana kwamba ameambiwa asubiri hapo na mtu atakuja.

Tarcis hakukata tamaa upesi. Alitandaza kamba ya katani mchangani, Karani akaikanyaga bila kuijua. Akachukua sufuria na mwiko akatangulia akigonga, na Karani akaifuata sauti vizuri kabisa, ila aliifuata mpaka nyumbani, kwa sababu ilikuwa sufuria ya uji na yeye aliijua. Gertruda alikuwa mlangoni akiwasubiri. Aliitaka sufuria yake, halafu akataka kujua lini mumewe atasema ukweli.

Tarcis akasema ameshaungama kwa padre. Gertruda hakuamini, akauliza ameungama nini hasa. Ikaonekana kwamba Tarcis aliungama hasira na uvivu wa kusali, na hili la punda alilipitia kwa mbali, kwa lugha ambayo padre asingeweza kujua kuna punda ndani yake.

"Hata ungemwambia yote," Gertruda alisema. "Padre hakuanguka na punda. Aliyeanguka ni Khamis."

Tarcis alimrudishia sufuria yake. Alimwogopa Khamis, na zaidi ya Khamis aliogopa ile asubuhi ya mwaka ujao, na ya mwaka utakaofuata, akiwa amekaa nyumbani anasikia ngoma kwa mbali na hakuna anayemwita. Alitumaini, kwa upumbavu wa mtu aliyebanwa, kwamba siku yenyewe ikifika Karani atatembea tu.

Siku ya pili ya Idd ilikucha nyeupe. Bahari ilikuwa imerudi nyuma hadi karibu haionekani, na anga na mchanga vilikuwa vya rangi moja, hivi kwamba waliosimama mbali kwenye nguzo walionekana kuning'inia hewani. Punda sita walikuwa ghalani wakipigapiga miguu. Gertruda alimfunga Karani khanga nyekundu shingoni kama kila mwaka. Mikdad alikuwa amevaa kanzu mpya aliyojishonea. Ngoma zikaanza.

Wa kwanza alikuwa punda wa mtaa wa juu, dume jeusi linaloitwa Radi, limepandwa na Najim, mwana wa fundi seremala. Radi aliletwa ubavuni mwa Karani, na Tarcis akashika kamba, akasema twende baba. Karani alifika kizingitini. Akanyosha ukwato wa kulia. Akagusa mchanga, akaurudisha, akasimama.

Tarcis akasema twende tena, kwa sauti ya chini. Simu zilikuwa juu, watu wanapiga picha. Radi akaanza kurusha kichwa. Karani alikuwa akipapasa mchanga kwa upole, mara kulia, mara kushoto, na Tarcis aliona mtu akikunja uso, halafu mwingine akimnong'oneza wa pembeni yake. Mikdad akaja akauliza kuna nini. Uwongo ulikuwa tayari mdomoni mwa Tarcis: tumbo linamsumbua, alikula majani mabaya jana. Alifungua mdomo autoe. Ndipo akamwona Khamis ukutani, deli miguuni, bega la kushoto chini ya la kulia, akimtazama Karani. Hakumtazama Tarcis hata kidogo. Alitazama ule ukwato ulivyokuwa ukipapasa, na uso wake ulikuwa wa mtu anayekumbuka kitu.

"Karani haoni," Tarcis alisema. "Tangu mwaka juzi. Mwaka jana Khamis hakuvuta kamba. Punda wangu ndiye aliyemkumba, na siku mliponiuliza nilikuwa najua."

Ngoma ilinyamaza upande mmoja, halafu wa pili. Mwanamke mmoja wa mtaa wa chini, Ashura mama yake Khamis, alisema jambo ambalo halirudiwi siku ya Idd. Mikdad alitafuta pa kukaa, akakalia ndoo iliyopinduliwa, kanzu mpya na yote.

"Nilikuamini kwa sababu huna upande," alimwambia Tarcis.

Tarcis aliitikia kwa kichwa. Aliona haya kiasi kwamba masikio yalimvuma. Lakini chini ya haya ile, nataka niseme kweli, palikuwa na nafasi, kama chumba kilichotolewa fanicha.

Mikdad alisimama akatangaza kwamba pasipo msindikizaji hakuna mbio, kila mtu amchukue punda wake arudi. Watu walianza kunung'unika. Khamis akaacha deli lake, akageuka, akapotea nyuma ya ghala. Wote walidhani amekwenda zake, na hakuna aliyemlaumu.

Kisha wakasikia chuma kikikwaruza.

Khamis alitokea amekumbatia ncha ya upau wa reli kwa mkono wa kulia, anauburuta, upau wa hatua kama tano hivi, wenye kutu ya rangi ya udongo. Aliuburuta hadi kizingitini, akautupa mchangani upande wa kulia wa Karani. Karani alisikia mlio. Akanyosha ukwato. Ting. Masikio yote mawili yakasimama. Alitembea hatua zile tano kwa raha yake ya siku zote, Radi ubavuni mwake ametulia, na mwisho wa upau akasimama tena na kungoja.

Hakuna aliyetoa amri. Vijana wa mtaa wa chini walikwenda nyuma ya ghala wakaleta upau wa pili wakautanguliza. Vijana wa mtaa wa juu, kwa kuwa hawakuweza kuvumilia kuona mtaa wa chini wakifanya jambo peke yao, wakauinua ule wa kwanza punda alipoupita na kukimbia nao mbele. Basi ikawa hivyo, upau mmoja umelala chini na mwingine uko mabegani, unatua, unainuliwa, na katikati punda mmoja kipofu mwenye khanga nyekundu anatembea kama mtu aendaye ofisini. Kurudi kumchukua kila mmoja kusingewezekana. Punda wengine watano wakafuata nyuma wote kwa pamoja, kitu ambacho hakijawahi kuonekana, wamenyamaza kama wanafunzi waliochelewa. Mikdad mwenyewe alikunja kanzu, akavua viatu, akaingia chini ya chuma.

Hata kufika nusu ya njia, bega bovu la Khamis, naye akiwa kati ya wabebaji, lilikataa. Tarcis aliliona likitetemeka chini ya upau. Alimwendea akamkabidhi kamba ya Karani, akachukua nafasi yake.

Khamis aliishika kamba. Alitembea hatua chache kabla ya kusema.

"Sijakusamehe, mzee. Namsaidia punda."

"Najua," Tarcis alisema.

"Na usidhani nitakusamehe kesho."

Tarcis alisema anajua hilo pia, na kijana aliyekuwa mbele yake akamwambia ainue upande wake, chuma kinaburuta. Akainua. Upau ulikuwa mzito kuliko alivyoukumbuka, na ulimkaa sawasawa juu ya bega la kushoto.

Jambo lile lilichukua zaidi ya saa nzima, na bahari haikuwangoja. Walipoifikia nguzo ya mkoko maji yalikuwa yamesharudi, membamba na ya uvuguvugu, yamefunika uwanja wote wa mbio kama shuka. Wapandaji walibaki juu ya punda wao wakitazama. Hakukuwa na mahali pa kukimbia. Mikdad aliangalia maji, akaangalia kanzu yake, akasema mwaka huu hakuna mshindi, na ajabu ni kwamba hakuna mtaa uliobisha.

Ila Karani alipaswa kurudi nyumbani. Wakauinua tena upau. Khamis aligeuza kichwa cha punda taratibu, akiwa amemshika karibu na shavu, akimwambia kitu sikioni ambacho Tarcis hakukisikia. Jua lilikuwa limepanda nyuma ya ukungu, na maji yaliwafika kwenye vifundo vya miguu, na upau ulipotua ulizama usionekane kabisa. Kilichoonekana ni punda tu akitembea juu ya bahari. Tarcis alikuwa ameshaiona reli ile mwezi mzima usingizini, lakini ndotoni haikuwa na uzito, wala hakukuwa na mtu aliyeibeba. Bega lilimuuma mahali pale pale palipomuuma mwenzake. Alisimama na wengine, maji yakimzunguka miguu, akasikiliza.

Ting ikaja, ya chini kwa chini, na akainama kuinua tena.